Maswali ya Wasomaji: Jinzi imetoboka, usianzie kwenye tundu

Toleo lililopita nilitaja kwa sentensi moja tu kwamba kuna suruali yangu ya jinzi niliishona msamba kwa mkono na mpaka leo naivaa, basi maswali yakaja mengi kuliko ya mapishi, sikutegemea. Nimeyasoma yote. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na majibu mengine yatakua marefu kwasababu kuna vitu nikivikatisha utaenda kuharibu suruali.

SWALI: Shikamoo mama. Mi naendesha bodaboda huku Mwanza. Jinzi zangu zote zinafia sehemu moja, hapo msambani. Nimepeleka kwa fundi cherehani mara tatu, anaweka kiraka anapiga zigizagi nyingi mpaka panakua pagumu kama ubao, wiki mbili tatu inachanika tena, sio kwenye kiraka ila pembeni yake. Fundi anasema kitambaa kibovu, mi naona fundi ndo hajui kazi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote mna sehemu ya ukweli na hapo ndipo somo lenyewe lilipo.

Chukua hiyo suruali, igeuze ndani nje, nenda dirishani uinyanyue kwenye mwanga. Usiangalie tundu, angalia kuzunguka tundu. Utaona mwanga unapenya vizuri tu sehemu ambayo kwa macho ya kawaida ulidhani ni nzima. Hicho ndo kitambaa kilichochoka, na kwa mtu anaekaa juu ya siti siku nzima, jasho, joto, mapaja yanasugua, kinaweza kua kikubwa kama kiganja wakati tundu lenyewe halizidi shilingi mia. Fundi wako alishona kiraka kikaishia katikati ya hicho kitambaa kilichochoka. Alafu cherehani ikatoboa vishimo vingi vimefuatana kwenye mstari mmoja, kama karatasi ya kuchana ilivyotobolewa. Upande mmoja una kiraka kigumu hakijongei, upande wa pili kitambaa laini kinavutwa kila ukipanda na kushuka kwenye pikipiki. Lazima kikatike hapohapo kwenye mpaka.

Kwahiyo kiraka hakipimwi kwa ukubwa wa tundu. Kinapimwa kwa ukubwa wa uchovu. Chukua kalamu ya chaki au hata kipande cha sabuni kikavu, chora kuzunguka sehemu yote inayopitisha mwanga, alafu ongeza vidole viwili nje ya huo mstari, hapo ndo ukate kiraka. Kikate kutoka kwenye mguu wa jinzi nyingine ya zamani, sehemu ya ugokoni maana huko huwa hakuchakai, na iwe imeshafuliwa mara nyingi, kwasababu jinzi mpya ikifuliwa inasinyaa na itakuvutia suruali nzima iwe na makunyanzi. Pembe za kiraka ziondoe, zifanye duara. Na hakikisha nyuzi za kiraka zimesimama kama zinavyosimama za suruali, juu kwenda chini, usikiweke kimekaa upande.

Kiraka kinakaa NDANI. Kipige bandi (mishono ya kuzama na kuibuka) kubwa kubwa pembeni kisitembee, kisha anza kazi yenyewe: bandi ndogo ndogo za mkono, mistari inayopanda na kushuka, mstari mmoja na mwenzie wanaachana kama nusu sentimita hivi. Sasa sikiliza hapa. Mistari isiishie yote sehemu moja. Huu uvuke kiraka kidogo, huu uvuke zaidi, huu urudi nyuma, ili ile nguvu ya kuvuta isikute mpaka mmoja ulionyooka, igawanyike. Na kila ukigeuza kuanza mstari mpya acha kauzi kidogo kalegee pale kwenye kona, usikaze, maana kitambaa kikifuliwa kitasogea na uzi uliokazwa utakikunja.

Mwisho kabisa ndo uje kwenye tundu lenyewe, zile kingo zinazoning'inia uzilaze juu ya kiraka uzishonee hapo. Watu wengi wanaanza na tundu, wanavuta kingo mbili wanazikutanisha wanakaza. Ukifanya hivyo umekivuta kitambaa kilichochoka, na kesho utaona umefungua mlango mwingine pembeni.

Fundi wako usimuache, mweleze tu habari ya mwanga. Cherehani inaweza kazi hii akisogeza mistari iachane na asiipige mia mahali pamoja. Ila kwa msamba, ambapo mishono minne minene inakutana, mkono unafika mahali ambapo mguu wa cherehani unagoma.

SWALI: Habari za kazi dada, niko Morogoro. Hivi unatumia sindano gani? Mi nimevunja mbili kwenye jinzi moja na vidole vimevimba. Na uzi je, nimeshauriwa ninunue ule wa mafundi viatu kwasababu haukatiki.

JIBU: Nzuri dada yangu, pole na vidole. Uzi wa viatu uache kwa mafundi viatu. Najua unaonekana kama suluhisho, haukatiki kweli, lakini jinzi ya zamani ni pamba laini iliyochoka, ukiipitishia nailoni ngumu basi siku ikivutwa kitakachokatika ni kitambaa, uzi unakua kama kisu. Uzi wa kutengenezea kitu chakavu usikizidi nguvu kile kitu. Tumia uzi wa kawaida wa cherehani, wa pamba ukiupata, poliesta ukiikosa pamba, uufanye mara mbili. Au uzi wa kudarizi, ule wa nyuzi sita, chukua tatu. Kabla ya kuanza usugue kwenye mshumaa usiowashwa mara mbili tatu, hausokotani na hauchakai haraka.

Sindano iwe ya kudarizi, yenye ncha kali na tundu refu. Nene sana itakusumbua, nyembamba sana ndo hizo unazovunja. Ichome kwenye kipande cha sabuni kikavu kila baada ya mistari michache, utashangaa inavyoteleza. Na nunua subana jamani, ile kofia ya chuma ya kidole. Bibi yangu alikua anashona kofia za mkono, zile nyeupe za vishimo, anashona kutwa, na subana haikumtoka kidoleni hata akiwa anaongea na wageni. Kwenye mshono mnene usisukume kwa nguvu ya kidole, pitisha ncha alafu vuta na koleo ndogo.

SWALI: Shikamoo mama, mi mwanafunzi Dodoma. Jinzi yangu imeisha goti moja. Tundu limefunguka lakini kuna nyuzi nyeupe nyingi zimebaki zinaning'inia zimelala. Nizikate kwanza ili pawe pasafi kabla ya kuweka kiraka?

JIBU: Marahaba, na nashukuru umeuliza kabla ya kukata. USIZIKATE. Weka mkasi chini kabisa.

Ngoja nikueleze hizo nyuzi nyeupe ni nini maana ukielewa utaipenda hii kazi. Kitambaa cha jinzi kimefumwa kwa nyuzi za aina mbili. Zile zinazosimama, kutoka kiunoni kwenda chini, wafumaji wanaziita mtande, na kwenye jinzi ndo zimetiwa rangi ya nili. Zile zinazolala, zinazokatiza upande kwa upande, ni mshindio, hizo huachwa nyeupe. Na ufumaji wake sio moja juu moja chini kama shuka, ule wa kawaida uzi wa bluu unapita juu ya nyeupe tatu ndo unazama chini ya mmoja, na kila uzi unaofuata unasogea hatua moja. Ndo maana ukiangalia kwa karibu unaona vistari vya mshazari, na ndo maana nje ni bluu na ndani ni nyeupe nyeupe. Rangi yenyewe ya nili haiingii mpaka kwenye moyo wa uzi, inakaa juu juu, ndo sababu jinzi inapauka vile inavyopauka ukiivaa.

Sasa kwakua bluu ndo ziko juu, ndo zinazosuguliwa, na ukipiga goti au kulikunja ndo zinazovutwa, zinakatika wa kwanza. Nyeupe zilikua zimejificha nyuma, zinabaki. Kwahiyo hapo ulipo, nusu ya kitambaa chako bado ipo! Kazi iliyobaki ni kurudisha zile za kusimama tu. Hii ndo inaitwa kutililia, na wengi wetu tumeiona ikifanywa kwenye soksi na sweta za shule tukadhani jinzi haiwezekani.

Weka kiraka chepesi ndani kwanza, bado kinahitajika, na ndani ya mguu ingiza gazeti lililokunjwa au kitabu, ili usije ukashona mbele na nyuma pamoja. Chukua uzi wa bluu inayokaribiana, anza juu ya tundu kwenye kitambaa kizima, sentimita mbili juu hivi, shuka na bandi ndogo, ukifika kwenye tundu pita juu ya uzi mweupe mmoja, zama chini ya unaofuata, juu, chini, mpaka uvuke uingie kitambaa kizima cha upande wa pili. Geuka, rudi juu, na safari hii ulikopita juu pita chini. Ziwe karibu karibu zisibanane sana. Kama una uvumilivu unaweza kuiga ule mtindo wa tatu kwa moja ukarudisha na mshazari kabisa, mi nimefanya mara moja, ilinichukua jioni mbili kwa tundu la ukubwa wa kiberiti, na kwa mbali huoni kitu. Kama nyeupe zingine zimeshakatika, zilaze upya wewe mwenyewe kwa uzi mweupe kabla ya kuanza na bluu.

Ukimaliza loweka kitambaa kidogo upige pasi kwa ndani. Siku za kwanza patakua pagumu kidogo, baada ya kufua mara mbili panalainika.

SWALI: Dada, bila kukuvunja moyo, kwanini mtu ajichoshe jioni nzima wakati mtumba upo, naenda Karume nachagua nyingine yangu kali nasonga mbele?

JIBU: Hujanivunja moyo. Kuchagua mtumba nami napenda sana. Ila jiulize jinzi inayokukaa kiunoni na mapajani na urefu wake sawasawa umeipata mara ngapi katika maisha yako. Mi nimepata tatu tu. Alafu nyingi zile tunazoshabikia kwa kupauka zimechakazwa hukohuko kiwandani kwa mawe na dawa kabla hata mwenyewe wa kwanza hajaivaa, sehemu za mapaja na magoti zimeshapunguzwa nguvu, ndo inakuja kwako kwenye belo. Hivyo hata kununua kwenyewe, inyanyue kwenye jua pale pale kwenye meza ya muuzaji uangalie msamba, utaniambia.

Na kuna habari moja inanigusa kila nikiikumbuka. Kaskazini ya Japani, sehemu za Aomori, zamani baridi ilikua kali mpaka pamba haioti. Watu wa kule walivaa nguo za katani, ile ya mmea wa jamii ya bangi sio mkonge, na pamba waliyoipata ilikua nguo kuukuu na vitambaa vilivyokwisha kuvaliwa huko kusini, vinapakiwa kwenye majahazi yanayofuata pwani mpaka kwao. Mitumba kabisa. Wakavishona vipande juu ya vipande kwa bandi ndogo za mkono, nguo moja inarithiwa, mama anaongeza kiraka, mtoto anaongeza chake, mpaka huwezi kujua kitambaa cha kwanza kilikua kipi. Nguo hizo wanaziita boro, na ile bandi ya mkono wanaiita sashiko. Mistari ile niliyomwelekeza kijana wa bodaboda, na ule uzi wa kuacha ulegee kwenye kona, ni ya hawa hawa. Waliifanya kwa shida, sio kwa fasheni, leo nguo zao ziko makumbusho. Nikishika jinzi ya mtumba yenye rangi ya nili na sindano mkononi najiona niko kwenye mstari mmoja na hao kina mama.

Kwahiyo nenda Karume, lakini ile unayoipenda usiitupe kwa tundu moja.

SWALI: Habari yako mama, mimi niko Nairobi, nauza jinzi Gikomba. Napata nyingi ziko na vishimo vidogo, na sina muda ya kushona kila moja. Zile viraka za kubandika na pasi ni sawa?

JIBU: Nzuri baba. Kwa kishimo kidogo kisichovutwa, tuseme kwenye ugoko au juu ya paja mbele, kinasaidia. Kwenye msamba na goti hapana, gundi ile inaachia ikifuliwa maji moto na kukunjwa kunjwa, alafu inaacha kitambaa kigumu kinachovunjika pembeni, na mteja atarudi. Nakushauri uitumie kama bandi ya kushikiza tu, bandika kisha piga mistari michache ya mkono juu yake, dakika kumi kwa suruali. Na jinzi zenye mpira, hizi za kuvutika, usizipigie pasi ya moto mkali kabisa, moto unaua ule mpira na panabaki pamelegea kama goti la mzee.

Kwenye hizo za kuvutika kiraka chake nacho kiwe cha jinzi ya kuvutika, na mistari ipige kwa mshazari au kwa zigizagi ya mkono, isiwe iliyonyooka, kwasababu uzi ulionyooka haurefuki, mtu akichuchumaa unakatika paa.

SWALI: Yangu haijatoboka, ila mfuko wa nyuma umeng'oka kona moja ukachana na suruali, ninawekaga simu hapo. Nikishona unatoka tena.

JIBU: Unarudishia mfuko kwenye tundu. Kitambaa cha nyuma ya ile kona kimeshachanika, hata ukishona mara kumi hakina pa kushika. Bandua mfuko upande huo kiasi cha kidole, weka kiraka ndani ya suruali nyuma ya kona, kishone kwanza kama nilivyoeleza juu, kisha ndo urudishe mfuko ukishona kupitia tabaka zote tatu. Pale konani kabisa rudia mishono mifupi mara saba nane imelala pamoja, uifunge kwa kuizungushia uzi.

Kona za mifuko zimesumbua watu tangu mwanzo. Vile vitufe vya shaba unavyoviona kwenye jinzi viliwekwa kwasababu hiyo hiyo. Fundi cherehani mmoja wa Reno, jimbo la Nevada huko Marekani, anaitwa Jacob Davis, aliombwa na mwanamke mmoja amshonee mumewe suruali ya kazi isiyochanika ovyo, akagongelea vitufe vya shaba kwenye kona za mifuko, watu wakazipenda. Akamwandikia Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco aliyekua anamuuzia vitambaa, wakapata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, pamoja tarehe 20 Mei 1873. Na mwaka 1937 vile vya mifuko ya nyuma vikafunikwa na kitambaa kwasababu vilikua vinakwaruza viti na matandiko ya farasi. Fundi cherehani ndo aliyegundua, sio mwenye kiwanda, na alijua kwasababu suruali zilizochanika zilirudi mezani kwake. Simu hamisha mfuko wa mbele lakini.

SWALI: Dada, mwanangu wa kiume ana miaka minane, kila jinzi anamaliza magoti ndani ya miezi michache. Nikiweka kiraka hataki kuvaa, anasema wenzie watamcheka. Nifanyeje?

JIBU: Kwanza usisubiri itoboke. Ukiona rangi ya bluu pale gotini imekua nyeupe nyeupe na ukishika pamekua laini kuliko kwingine, hapo weka kitambaa kwa ndani upige mistari, goti litakaa mara mbili. Shida ya miguu ya suruali za watoto ni myembamba mkono hauingii, kwahiyo fumua mshono wa pembeni, ule ulioshonwa mara moja sio ule wa kukunjwa mara mbili, utandaze mguu, ukimaliza urudishie.

Na hilo la kuchekwa usilipuuze, kwake ni jambo kubwa. Usimfiche kiraka wala usimlazimishe. Mpeleke dukani achague uzi yeye, akichagua mwekundu au njano mwachie, achore mwenyewe kwa chaki mistari inavyotaka kwenda, hata kama ni mpira au nyota. Alafu kaeni wote mkekani, we piga bandi za kushikiza, yeye apige mstari wa kwanza. Wa miaka minane anaweza kabisa, mpe sindano isiyo kali sana na umkalie karibu. Wangu alianza na umri huohuo, mistari yake ilienda upande, sikuifumua, na ile suruali aliivaa mpaka ikamwishia urefu, ikaenda kwa mdogo wake.